Kuvutwa Mgongo kwa Halo Kabla ya Upasuaji: Mwongozo kwa Anayeuguza

Maswali huwa ni yale yale. Mzazi akishaonyeshwa picha ya mtoto aliyefungwa pete ya chuma kichwani, ndiyo halo, kamba imepanda hadi kwenye kapi juu ya kiti na mawe yananing'inia nyuma, huuliza: Inauma? Atalalaje? Na kwa nini asipasuliwe tu yakaisha? Nimekuwa nesi wa wodi ya mifupa muda wa kutosha kujua kwamba hilo la tatu ndilo la kujibiwa kwanza, maana asiyejua kwa nini anasubiri wiki sita huchoka wiki ya pili.

Haya nayaandika kwa anayekaa na mgonjwa: mama, baba, dada, bibi, au mgonjwa mwenyewe kama ni mtu mzima. Maagizo ya timu yenu yako juu ya yangu. Nikitaja kilo na siku, nia yangu ni uelewe kinachofanyika mbele yako. Jiwe usiongeze wala kupunguza mwenyewe.

Kwa nini kusubiri

Mgongo uliopinda hupimwa kwa nyuzi za pembe (digrii), kwa njia aliyoieleza daktari John Cobb wa Marekani mwaka 1948. Mstari mmoja huchorwa juu ya pingili (mfupa mmoja mmoja wa uti wa mgongo) iliyoinama zaidi mwanzoni mwa mpindo, mwingine chini ya pingili iliyoinama zaidi mwishoni, na pembe kati ya mistari hiyo ndiyo kipimo. Kuanzia nyuzi 10 mgongo huhesabiwa kuwa umepinda. Zikifika 45 au 50, habari za upasuaji huanza. Wanaowekewa halo wengi wao wameshavuka 80, na wengine wamepita 100. Mgongo wao umekwenda upande na kujisokota pia, mbavu zimeufuata, na mapafu yamebaki na nafasi finyu ya kujaa hewa.

Mgongo wa namna hiyo umekakamaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka, na kumkunjua kwa nguvu siku moja kwenye meza ya upasuaji kuna hatari. Ndani ya pingili unapita ugwe mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopeleka amri za ubongo mikononi, miguuni na kwenye kibofu. Umeishi ndani ya mpindo ule kwa miaka, na mishipa yake ya damu imezoea urefu ule. Ukinyooshwa ghafla unaweza kukosa damu, na mgonjwa akazinduka hawezi kusogeza miguu. Ipo njia nyingine, ya kukata na kutoa pingili nzima katikati ya mpindo. Hufanyika, lakini ni upasuaji mrefu wa damu nyingi, na hatari ya kupooza ni kubwa zaidi.

Traksheni, yaani huku kuvutwa kwa mawe, huifanya kazi hiyo kidogo kidogo. Kano, misuli na diski zikivutwa kwa nguvu ndogo isiyokatika, hulegea na kurefuka zenyewe siku hadi siku. Na muda wote huo mgonjwa yuko macho. Shika hilo kuliko yote utakayosoma hapa. Mezani, daktari hutegemea mashine imwambie kwamba ugwe umeanza kuumia. Wodini, mwenye ugwe anaweza kusema mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi yako ni kumsikiliza.

Halo yenyewe ilibuniwa miaka ya 1950 na Jacquelin Perry na Vernon Nickel katika hospitali ya Rancho Los Amigos, California, kwa ajili ya wagonjwa wa polio ambao shingo zao hazikuweza tena kubeba kichwa. Baadaye Pierre Stagnara wa Lyon, Ufaransa, alieneza matumizi yake kwa migongo iliyopinda sana, akitegemea uzito wa mwili wenyewe: kichwa kinavutwa juu, kiwiliwili kinajivuta chini. Kuna mitindo iliyofunga pini mapajani au kwenye nyonga pia, na mgonjwa akabaki kitandani wiki nzima nzima. Wa Stagnara humwacha akae, asimame na atembee, na ndio ninaoueleza hapa. Barani Afrika, hospitali ya FOCOS ya Accra, Ghana, ni mojawapo ya zinazojulikana kwa kuutumia kwa watoto wenye mipindo mikubwa mno.

Hatua ya 1: Vipimo kabla ya pete

Usikubali pete ifungwe kabla hujasikia majibu ya MRI ya uti wote wa mgongo, kuanzia shingoni hadi chini. Daktari anatafuta vitu vinavyoweza kuigeuza traksheni kuwa sumu: ugwe uliobanwa mahali, ugwe uliokamatwa chini usiweze kupanda, uvimbe ndani ya mfereji wake, au shingo isiyo imara. Shingo ndiyo inayopokea mvuto wote kabla haujafika mgongoni, kwa hiyo ikiwa legelege, hapo pana kusimama. Kibiongo chenye kona kali na fupi, kama kile kinachoachwa na kifua kikuu cha mifupa baada ya pingili kushikana, nacho ni cha kuogopwa: hakinyooki kwa kuvutwa, na ugwe unaweza kuumia palepale kwenye kona. Kwa mtoto mdogo sana, au mwenye ugonjwa wa mifupa laini, hupigwa pia CT-skani ya fuvu ili kujua unene wa mfupa mahali pini zitakapokaa.

Kisha pumzi hupimwa kwa spirometa, moyo kwa ultrasaundi, damu, na uzito wa mwili. Uzito huo uandike kwenye daftari lako. Utaurudia kila wiki.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine, na wodi zenye haraka hukiruka: uchunguzi wa neva ulioandikwa kwa ukamilifu siku ya kwanza. Kama mtoto ana kengeza tangu utotoni, kama mguu wake wa kushoto ni dhaifu kidogo, kama ulimi wake huenda upande akiutoa, yaandikwe yote. La sivyo, siku ya nane mtu wa zamu ya usiku ataliona kengeza lile lile na kudhani limeletwa na mawe. Wewe unamjua mwanao kuliko faili lake, kwa hiyo sema.

Hatua ya 2: Kufungwa pete

Watoto hulazwa usingizi wa dawa. Watu wazima wengine hufungwa kwa ganzi ya mahali tu. Pete hukaa kama sentimita moja juu ya masikio na nyusi, bila kugusa ngozi, ikishikwa na pini zinazoingia kwenye tabaka la nje la mfupa wa fuvu. Hazifiki kwenye ubongo. Mtu mzima kwa kawaida hupigwa pini 4, zikikazwa kwa spana yenye kipimo hadi paundi-inchi 8, ambazo ni karibu nyutoni-mita 0.9. Mtoto, ambaye mfupa wake ni mwembamba, hupigwa nyingi zaidi, 6, 8 au hata zaidi ya hapo, kila moja kwa nguvu ndogo. Pini nyingi zilizokazwa kidogo hugawana mzigo vizuri kuliko chache zilizokazwa sana.

Za mbele huwekwa juu ya theluthi ya nje ya nyusi, kwa sababu upande wa ndani wa nyusi kuna neva za ngozi ya paji, na upande wa panja kuna msuli wa kutafunia. Na hapa kuna jambo dogo linalonipendeza: wakati pini za mbele zinapoingia, macho ya mgonjwa hufumbwa kabisa. Pini ikishika ngozi ya paji huku macho yakiwa wazi, mgonjwa atazinduka na kope zisizofunga.

Maumivu ya kichwa siku ya kwanza na ya pili ni ya kawaida na hutulia kwa dawa za kawaida. Baada ya saa 24 hadi 48 daktari hukagua pini na kuzikaza tena kwa spana ile ile. Waulize wanaiweka wapi. Inapaswa kuwa karibu na mgonjwa wakati wote.

Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, na mara nyingi mzazi huteseka kuliko mtoto. Mletee kioo mapema, mkiwa pamoja, kabla hajajiona kwenye kioo cha dirisha akiwa peke yake. Kufikia wiki ya pili wengi wao hushindana mbio za viti kwenye korido, na kazi inageuka kuwa ya kuwazuia.

Hatua ya 3: Mawe yanavyopandishwa

Mvuto huanza na mzigo mdogo, mara nyingi kilo 2 au 3, kisha huongezwa nusu kilo hadi kilo moja kwa siku mgonjwa akiwa salama. Lengo la timu nyingi ni kati ya theluthi na nusu ya uzito wa mwili.

Tufanye hesabu. Mtoto ana kilo 24. Theluthi yake ni kilo 8, nusu yake ni 12. Akianza na kilo 2 na kuongezewa nusu kilo kila siku, atafika kilo 8 siku ya 13 na kilo 12 siku ya 21. Hizo ni wiki tatu za kupanda tu, kabla hajaanza kukaa kwenye mzigo kamili. Ndiyo maana ukisikia wiki tatu hadi nane, au zaidi kwa mgongo mkaidi, usidhani mnacheleweshwa. Siku ambayo kuna dalili yoyote ya neva, au shingo inauma kupita kawaida, ngazi ya siku hiyo haipandwi: mnabaki mlipo au mnashuka.

Vipo viti vyenye springi na kipimo badala ya mawe. Kanuni ni ile ile, isipokuwa springi huongeza mvuto mgonjwa akijiinamisha na kuupunguza akijiinua, kwa hiyo namba husomwa akiwa amekaa sawa.

Hatua ya 4: Kukagua kamba na mawe

Alasiri moja mvulana wa dirishani alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. "Leo shingo nyepesi, sista." Nikafurahi naye, nikapita. Zamu ya jioni ilipoingia, mwenzangu akainama nyuma ya kiti chake. Mfuko wa mawe ulikuwa umekaa juu ya begi la shule lililoachwa pale chini. Kilo saba zilikuwa zimepumzika juu ya madaftari tangu chakula cha mchana, na mimi nilikuwa nimepita hapo mara nne.

Tangu siku hiyo siulizi kwanza "unajisikiaje". Nazunguka nyuma ya kiti. Fanya hivyo kila mgonjwa anapohamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kwenye fremu ya kutembelea, na kurudi. Mawe yananing'inia hewani, hayagusi sakafu, ukuta, gurudumu wala shuka. Kamba imekaa ndani ya mfereji wa kapi, haikusuguliwa ikaanza kuchanika, na fundo lake halijafika kwenye kapi likakwama. Pete haigongi fremu ya juu. Ikigonga, mgonjwa amerefuka au amejiinua, na mvuto umekatika. Kamba imenyooka juu ya kichwa kwa mwelekeo ule ule ulioonyeshwa na daktari. Kwa mwenye kibiongo huenda akaupeleka mbele au nyuma kidogo kwa makusudi, kwa hiyo usiurekebishe kwa macho.

Mvuto ukiwa sawa, mgonjwa aliyekaa huhisi makalio mepesi kwenye kiti, na aliyesimama kwenye fremu huanza kuelemea kwenye vidole vya miguu.

Wageni waambieni mapema: hakuna kushika mawe, hakuna kuyapembeza, hakuna kusukuma kiti bila ruhusa. Watoto wenzake ndio wa kutazamwa zaidi, kwani mfuko unaoning'inia hauachwi hivi hivi na mtoto wa miaka mitano.

Hatua ya 5: Kuzikagua neva

Hapa naomba utulie. Timu itafanya uchunguzi wake kila zamu, lakini mtu wa kwanza kuona mabadiliko mara nyingi ni anayekaa na mgonjwa. Kagua asubuhi na jioni, na tena saa chache baada ya jiwe kuongezwa. Ukizoea haichukui dakika tano.

Anza na macho. Shika kidole chako mbele ya uso wake, kipeleke kulia hadi mwisho, kisha kushoto, yeye akikifuata kwa macho bila kugeuza kichwa (na hawezi kukigeuza hata akitaka). Kila jicho lazima lifike kwenye kona yake ya nje. Neva ya sita ya kichwa, inayolipeleka jicho nje, ina safari ndefu ndani ya fuvu na huwa miongoni mwa za kwanza kulalamika shingo ikivutwa. Jicho likikwama katikati, mgonjwa ataona vitu viwili viwili. Mtoto mdogo hasemi "naona viwili". Atafumba jicho moja akiangalia katuni, au atakosa kikombe akikifikia. Angalia pia kama macho yanacheza-cheza yenyewe.

Kisha ulimi. Autoe wote. Unatoka katikati au umekimbilia upande mmoja? Nimeona ulimi uliopinda kidogo sana, kiasi cha upana wa punje ya mchele, asubuhi ambayo mtoto mwenyewe hakuwa na malalamiko yoyote. Mzigo ulirudishwa kwenye kilo za juzi yake na ulimi ukanyooka baada ya siku chache. Kama mama yake asingekuwa anauangalia ulimi ule kila siku, angesema ni kawaida yake.

Mpe maji anywe kidogo. Anapaliwa? Sauti yake imekwaruza tangu jana? Apandishe mabega yote mawili huku ukiyakandamiza. Abane vidole vyako viwili kwa kila mkono, akunje kiwiko, anyooshe. Anyanyue kila mguu, avute kidole gumba cha mguu juu na kukisukuma chini dhidi ya mkono wako. Mguse kwa pamba mikononi na miguuni akiwa amefumba macho, aseme ni wapi.

Mwisho ni haja ndogo. Anakojoa kama kawaida? Anayeshindwa kukojoa, au aliyeanza kujikojolea wakati hakuwa na tabia hiyo, si wa kugombezwa wala kusubiriwa hadi kesho.

Ukiona lolote jipya, mwite nesi sasa hivi. Usingoje raundi ya daktari. Nesi atapunguza au kuondoa mzigo kwa utaratibu wa wodi, daktari ataitwa, na huenda picha ikarudiwa. Dalili nyingi zikikamatwa mapema hurudi nyuma mzigo ukipungua. Na tafadhali, usimfundishe mtoto uvumilivu hapa. Wale wanaosifiwa kwa kutolalamika ndio wanaonipa wasiwasi. Wangu mmoja alikaa na ganzi ya vidole usiku kucha kwa sababu alitaka kuonekana jasiri.

Hatua ya 6: Usafi wa pini

Ambukizo la ngozi kwenye pini, na pini kulegea, ndiyo matatizo yanayotokea mara nyingi kuliko yote. Kwa bahati nzuri pia ndiyo rahisi kuyaona.

Nawa mikono. Safisha kila pini kwa pamba au gozi yake mwenyewe, kwa maji ya chumvi ya hospitali au dawa iliyoagizwa, mara moja au mbili kwa siku kwa utaratibu wa wodi. Pamba ya pini moja isiende kwenye nyingine. Gaga laini litoke lenyewe kwa kuloweshwa, usilibandue kwa kucha. Nywele za karibu zikatwe fupi. Mafuta, poda na marashi havina kazi hapo.

Maji meupe kidogo siku za mwanzo si jambo la kutisha. Wekundu unaopanuka, usaha, uvimbe, au maumivu mapya kwenye pini iliyokuwa imetulia yaripotiwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa akisema anasikia "tik" ndani ya kichwa anapotafuna au kugeuka, pini imelegea. Akazaye ni daktari. Ambukizo la ngozi hutulia kwa dawa, na wakati mwingine pini huhamishwa. Lakini homa ikiandamana na kichwa kuuma sana, kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida, ni dharura, kwa maana ni nadra sana lakini usaha unaweza kupenya fuvu.

Hatua ya 7: Siku inavyokwenda

Traksheni hii hufanya kazi vizuri mgonjwa akiwa wima. Timu nyingi hutaka awe kwenye mvuto walau saa 12 kwa siku, na nyingine hutaka karibu saa zote 24, kwa hiyo kila nusu saa ya "mwacheni apumzike kidogo" inakatwa kwenye hesabu. Ruhusa za kuondoa mawe kwa kuoga au kubadilisha nguo huandikwa: ni lini, kwa dakika ngapi, na nani anayeondoa.

Kutwa nzima asikae kwenye kiti tu. Asimame na kutembea kwenye fremu mara kadhaa. Mifupa isiyobebeshwa mwili hupoteza uimara, na ni mifupa hiyo hiyo itakayoshika skrubu za upasuaji. Makalio na ncha ya kibiongo vikaguliwe kila jioni kwa vidonda vya kugandamizwa. Ngozi yenye wekundu usiofifia baada ya nusu saa bila kulaliwa, mwambie nesi.

Kulala kuna namna yake. Kichwa cha kitanda huinuliwa ili mwili ujivute chini kwa uzito wake, pete ikiwa imefungwa kwenye kapi ya kitandani, na mawe ya usiku kwa kawaida ni mepesi kuliko ya mchana. Mto mnene haufai. Kitaulo kilichokunjwa chini ya shingo kinatosha. Mgonjwa akiteleza hadi miguu ikagusa ubao wa chini, mvuto umepotea, na mnamrudisha juu watu wawili. Na asibebwe wala kuinuliwa kwa kushikwa pete, hata mara moja.

Chakula ni sehemu ya matibabu. Wengi wenye mipindo mikubwa hufika wakiwa wamekonda: kupumua peke yake kunawalia nguvu, na tumbo limebanwa. Wiki hizi ndizo za kuongeza kilo, kwa sababu mwili dhaifu huchelewa kupona kidonda na huambukizwa upesi. Milo midogo mara sita ni bora kuliko mitatu mikubwa, na kila mmoja uwe na chakula cha kujenga mwili. Asiyeweza kula vya kutosha huwekewa mpira wa kulishia puani, na usilione hilo kama kushindwa kwako. Akianza kutapika baada ya kula, hasa matapishi ya kijani, sema mara moja: mgongo ukirefuka, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba inaweza kubanwa na mshipa mkubwa wa damu, na aliyekonda ndiye aliye hatarini zaidi. Uzito wa mwili ukipanda, hesabu ya mawe nayo hufanywa upya.

Mazoezi ya pumzi hufanywa kila saa akiwa macho, pumzi kumi za kina, kwa kifaa cha kuvutia hewa au kwa kupuliza mapovu kwa watoto. Wasiopumua vizuri usiku huvalishwa mashine ya kusaidia pumzi. Kwa maoni yangu, faida ya mapafu na lishe katika wiki hizi haisifiwi inavyostahili, kwa sababu haionekani kwenye eksirei.

Na masomo yaendelee. Meza iinuliwe hadi usawa wa macho, kwa kuwa hawezi kuinamisha kichwa kusoma kilicho mapajani.

Hatua ya 8: Kujua lini imetosha

Eksirei hupigwa kila wiki au kila wiki mbili akiwa kwenye mvuto. Sehemu kubwa ya kunyooka hupatikana wiki za mwanzo, kisha picha huanza kufanana. Ripoti nyingi huzungumzia kupungua kwa karibu theluthi ya mpindo: mwenye nyuzi 120 akafika kama 80. Mzazi aliyetarajia mgongo ulionyooka huvunjika moyo hapo. Nyuzi 80 hizo ndizo zinazompa daktari nafasi ya kufanya upasuaji mwepesi zaidi, na mara nyingine bila kukata pingili yoyote.

Picha mbili mfululizo zikifanana, pumzi na uzito vikiwa vimepanda, timu hupanga tarehe. Wengine hufanyiwa upasuaji wa awali wa kulegeza mgongo kwa mbele, wakarudi kwenye traksheni, ndipo ukaja ule wa kufunga vyuma.

Hatua ya 9: Siku ya upasuaji na baada yake

Mvuto huendelea hadi asubuhi ile. Mezani, pete mara nyingi hutumika kushika kichwa na kuvuta kwa uzito mdogo, huku ishara za ugwe zikifuatiliwa kwa mashine. Mgongo hushikwa kwa skrubu na fimbo za chuma ili pingili ziungane. Kwa mtoto mdogo anayekua huwekwa fimbo zinazoweza kurefushwa baadaye. Uliza mapema pete itatolewa lini. Wengi hutolewa mwishoni mwa upasuaji huo huo, wachache hubaki nayo.

Pini zikitoka, matundu hukauka ndani ya siku chache kwa usafi wa kawaida. Juu ya nyusi hubaki vidoti viwili. Viguse taratibu kwa ncha ya kidole kila siku vikishapona, ngozi isishikamane na mfupa chini yake, na uvikinge na jua miezi ya mwanzo visije vikawa vyeusi. Shingo itakuwa dhaifu. Atakuambia kichwa ni kizito, naye atageuka mwili mzima kukutazama, kama vile pete bado ipo. Mtegemeze kwa mkono nyuma ya kichwa anapoinuka kitandani wiki ya kwanza, na mazoezi ya shingo ayaanze siku atakayoitaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo.